Kabla ya kumpeleka mwanao bweni, zichunguze desturi za shule

MATOKEO ya mitihani yakishatangazwa, swali la kwanza ambalo wazazi wengi huuliza kuhusu shule ya bweni ni alama ya wastani iliyopata. La pili ni karo. Ni wachache mno wanaouliza wanafunzi huamshwa saa ngapi, au mgonjwa hupelekwa wapi usiku wa manane. Ilhali mambo hayo ndiyo yatakayoamua iwapo mwanao atarudi nyumbani akiwa mzima wa mwili na akili.

Kila shule ina desturi zake ambazo hutazisoma katika barua ya kumwita mwanafunzi. Desturi inayomfaa mtoto mmoja huweza kumdhuru mwingine. Kwa hivyo, mzazi, anza na mtoto wako kabla ya kuanza na shule. Je, ana ugonjwa gani wa kudumu? Akionewa, husema au hunyamaza?

Tuseme binti yako ana pumu. Shule nyingi huagiza dawa zote zikabidhiwe matroni siku ya kuripoti, naye huzifungia kabatini. Utaratibu huo si mbaya kwa vidonge vya kawaida, lakini kwa inhela ni hatari. Pumu haibishi hodi. Huweza kumbana mtoto saa 8 usiku, na dakika za kumtafuta mwenye ufunguo zaweza kugharimu maisha. Muulize matroni waziwazi: "Mama, inhela ya mtoto wangu italala wapi?" Jibu zuri ni kwamba atakaa nayo mwenyewe, na ya akiba itawekwa mahali panapojulikana na mwalimu wa zamu. Ukijibiwa kwamba sheria ni sheria, basi umekwisha kuifahamu shule hiyo.

Mwenye ugonjwa wa selimundu naye huumizwa na baridi, kiu na uchovu, kwani hayo huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Shule inayomlazimisha kila mtu kuoga maji baridi alfajiri na kukimbia uwanjani katika baridi ya Julai haimfai, hata ikiwa inaongoza wilaya nzima kwa alama. Uliza kama ataruhusiwa kuwa na chupa ya maji darasani. Mwenye kifafa asilale kitanda cha juu, na asinyimwe usingizi, maana uchovu huweza kuleta kifafa.

Tukizungumzia usingizi, wataalamu hupendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale kati ya saa 8 na 10. Mwalimu mkuu atakuonyesha ratiba yake kwa fahari. Chukua kalamu upige hesabu. Taa zikizimwa saa 4 usiku na kengele ikalia saa 10 alfajiri, hizo ni saa 6 tu, na hapo hatujahesabu muda wa kupiga gumzo gizani. Kijana asiyelala vyema hushika masomo polepole na hukasirika upesi. Bweni la vijana 80 wenye hasira si mahali pa kumwacha mtoto mpole.

Hapo ndipo tunapofikia jambo ambalo shule hupenda kulificha, yaani jinsi wanafunzi wapya wanavyopokewa. Wengi wetu tuliosoma bweni hucheka tukikumbuka "mono" aliyeamriwa kuizima taa ya umeme kwa kuipuliza, au kuupima uwanja kwa njiti ya kiberiti. Lakini desturi hiyo haikomei kwenye mzaha. Mtoto hufulishwa nguo za wakubwa, hunyang'anywa godoro na pesa za matumizi, hupigwa usiku, na pengine hutendewa mambo ya aibu ambayo hatayatamka mbele ya babake. Aliyeonewa mwaka huu husubiri mwaka ujao alipize kwa mwingine, na hivyo ndivyo uonevu unavyorithiwa.

Utayajuaje haya? Usiende siku ya wazazi, ambapo nyama imepikwa na nyasi zimefyekwa. Omba ruhusa uende siku ya kawaida, ikiwezekana saa za jioni. Tazama ni nani anayefua, na nguo ni za nani. Tazama kiranja anapopita, wadogo wanaendelea na mazungumzo au wananywea? Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili na umuulize nani alimsaidia alipoingia. Kisha mwulize mwalimu mkuu kwa heshima, "Mwalimu, mara ya mwisho mwanafunzi alipomshtaki kiranja, mlifanya nini?" Mimi humwamini zaidi yule anayesimulia kisa na hatua iliyochukuliwa kuliko yule anayesema, "Hapa kwetu hakuna mambo hayo."

Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikavifanya kuwa kosa. Ukiona fimbo imeegemezwa ofisini, usidhani ni ya kuwinda nyoka.

Usiondoke kabla ya kuingia bwenini. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea Bombolulu, na Machi 2001 wavulana 67 wakafa Kyanguli. Katika mikasa hiyo, milango iliyofungwa na vyuma vya madirisha viliwazuia wengi kutoka. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, kuwe na mlango wa dharura, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda vitenganishwe kwa angalau mita 1.2. Uliza mlango hufungwa vipi usiku na ufunguo huwa kwa nani. Shule inayowafungia watoto kwa nje inahofia zaidi watoroke kuliko inavyohofia wateketee.

Kuhusu chakula, usihangaike sana. Githeri na maharagwe havijamdhuru mtu, mradi vimeiva na havina wadudu. Ni afadhali uangalie vyoo, maji ya kunawa, na kwa wasichana, mahali pa kutupia sodo.

Huenda mwanao ameitwa tayari katika shule ambayo hukuichagua. Basi kazi yako itakuwa kumwangalia kwa makini likizo fupi ya kwanza. Maumivu ya tumbo yanayoanza siku ya kurudi inapokaribia, kukojoa kitandani baada ya miaka mingi, kukonda, kupoteza vitu kila wiki, au ukimya usio wa kawaida, yote hayo yana maana. Mpeleke kwanza kwa daktari, kwani huenda ni ugonjwa kweli. Daktari asipoona kitu, zungumza naye mkiwa wawili tu, hata mkiwa njiani kuelekea dukani, na umsikilize bila kumkatiza. Usimwambie, "Hata sisi tulivumilia." Neno hilo limewafunga watoto wengi vinywa.

Ikiwa ameumizwa au kunajisiwa, mpeleke hospitalini mara moja, hata kabla ya kuoga au kubadilisha nguo, kwa sababu dawa za kukinga virusi vya HIV hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo. Na ikiwa ni shule tu isiyomfaa, omba uhamisho mapema, kabla muhula wa pili haujaanza. Shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, ambako mtoto atalala kitandani kwake na dawa yake chini ya mto, huenda ikamfaa zaidi.