Majonzi ya Mgonjwa wa Sukari Si Upungufu wa Imani

Ndugu mmoja wa upande wa Garsen ametuletea suala ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Mwanawe, kijana wa miaka 14, ana maradhi ya sukari ya namna ya kwanza, yale yanayomlazimu mtu kujipiga sindano ya insulini kila siku ya maisha yake. Miaka miwili kijana alivumilia. Sasa amechoka. Hataki kupimwa mbele ya watu, mazungumzo ameyapunguza, na mara mbili amesema amekwisha piga sindano na kumbe hakupiga. Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja asema imani ya kijana ni dhaifu. Wa pili asema ni jini. Wa tatu asema alizidishiwa halua utotoni. Baba auliza: nimwambie nini mwanangu? Na Ramadhani ikija, nimfungishe?

Yatupasa kwanza kuyajua maradhi yenyewe, kwani asiyejua ugonjwa hawezi kumliwaza mgonjwa. Katika tumbo la mwanadamu, nyuma ya mfuko wa chakula, mna kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini, ambayo huifungulia sukari mlango itoke katika damu na kuingia katika viungo viitumie. Katika maradhi haya askari wa mwili wenyewe, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakaziangamiza zile sehemu za kongosho zitoazo insulini. Basi sukari hujaa katika damu na huku viungo vina njaa. Mgonjwa hukojoa sana, hushikwa na kiu isiyokatika, na hukonda hali anakula. Halua haimo katika sababu ya jambo hili, wala mama hakukosea katika malezi. Watu huchanganya namna hii na ile ya pili, iwapatayo zaidi watu wazima, ambayo kwa wengi huanza kutulizwa kwa vidonge, kwa chakula cha kiasi na kwa kutembea. Huyu wa namna ya kwanza hana badala ya insulini.

Akiikosa kabisa, damu yake huingia uchungu wa asidi. Atatapika, atavuta pumzi nzito za haraka, kinywa chake kitatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, na katika siku chache atakufa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifa watoto wote wa maradhi haya kabla ya mwaka 1922. Mwezi wa Januari mwaka ule, katika hospitali ya Toronto nchini Kanada, kijana aitwaye Leonard Thompson alipigwa sindano ya dawa iliyovumbuliwa na Frederick Banting na wenziwe. Ya kwanza haikuwa safi wala haikumfaa sana. Ya pili, baada ya siku 12, ilimwinua. Akaishi mpaka 1935. Basi kila mwenye maradhi haya anayetembea leo katika soko la Garsen, anatembea kwa neema ile ambayo Mwenyezi Mungu aliipitisha katika mikono ya watu wale.

Kwa hiyo twasema waziwazi: mtu amwambiaye kijana huyu aache sindano kwa kuwa ni jini, au kwa kuwa kombe litatosha, anacheza na roho ya mtu. Sisi hatukatazi dua, wala hatukatazi mgonjwa kusomewa. Tunalolikataza ni kuivunja sindano kwa kisingizio cha kusoma. Abu Daud amepokea khabari ya mtu aliyekuwa safarini, akapasuliwa kichwa na jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamjibu hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Bwana Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawabebesha wao mauti ya yule mtu, kwa kuwa hawakujua na wala hawakuuliza. Hao walikuwa watu wema waliotaka kuilinda ibada. Tusidhani wema wa nia wamwokoa mgonjwa na fatwa ya ujinga.

Sasa tuje kwenye moyo wa kijana, kwani hapa ndipo watu wanapomdhulumu zaidi.

Fikiri, ewe ndugu, mzigo alio nao. Wewe wakaa barazani, unanyosha mkono kwenye sahani ya mahamri, wala hulifikirii. Yeye kabla ya tonge la kwanza hana budi ajitoboe kidole, asome kipimo, ahesabu chakula, akadirie dawa. Akizidisha dawa, sukari itashuka na aweza kuzimia, akipunguza, itapanda. Kesho ni vivyo hivyo, na keshokutwa. Hana siku ya mapumziko, hata Idi. Na baada ya taabu yote hiyo, mara nyingine kipimo hutoka kibaya bila ya kosa lake, kwa sababu ya homa, au jua, au kutembea kwingi, au huzuni tu. Hapo baba humwuliza kwa ukali, "Umekula nini?" Mtoto aulizwaye hivyo kila siku hujifunza jambo moja, nalo ni kusema uwongo. Twamnasihi baba huyu akichukue kipimo kama msafiri achukuavyo khabari ya njia, na amwulize mwanawe, "Sasa tufanye nini?" Neno "tufanye" lina uzito wake, maana lamwonyesha kuwa hayuko peke yake.

Madaktari wanaijua hali hii ya kuchoka na maradhi, na wanajua pia kwamba huzuni nzito huwapata wenye sukari kuliko inavyowapata watu wengine. Basi si aibu ya nyumba ya mtu huyu. Je, ni upungufu wa imani? La. Nabii Yaakub (a.s.) alilia kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qurani imemtaja kwa heshima. Bwana Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, na Abdulrahman bin Auf alipostaajabu, akafahamishwa kuwa ile ni rehema. Subira ni kuizuia nafsi isiache lililo wajibu na ulimi usimkufuru Mola. Haikuwa kamwe kuuzuia moyo usiumie. Kijana anayelia kisha akapiga sindano yake amesubiri. Anayecheka mbele ya watu na sindano ameificha ndiye wa kukhofiwa.

Na ikiwa huzuni yake yapindukia, halali, hali, au ametamka neno la kutamani kufa, basi asiachwe peke yake, insulini isiachwe mkononi mwake, bali ashikwe na mkubwa ampimie; na apelekwe hospitali siku ile ile, kama ambavyo angepelekwa lau angevunjika mguu. Huo si wakati wa mawaidha.

Kuna khofu nyingine ambayo yafaa itajwe kwa kuwa ni ya nchi yetu khasa. Watu wa Tana wanaishi katika joto, na nyumba nyingi hazina friji. Kisha mto hufurika. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yaliifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba, na katika masika ya 2024 watu wengi wa Tana walihama makao yao tena. Mtu ambaye uhai wake umo katika kichupa, akisikia mto umepanda, usiku hapati usingizi. Tumtulize kwa ilimu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi wao, baada ya kupima joto la nyumba za wakimbizi huko Dagahaley, katika jimbo jirani la Garissa. Walikuta kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto lipandalo na kushuka, baina ya digrii 25 na 37, haikupoteza nguvu yake. Basi kichupa kinachotumika kikiwekwa kivulini, ndani ya chungu kilichotiwa katika chungu kikubwa chenye mchanga wa maji baina yao, hapana haja ya kukata tamaa. Kisiachwe juani, wala kisigandishwe kwa barafu. Na msimu wa mvua ukikaribia, baba aende Ngao au Hola au Malindi kabla ya njia kukatika, achukue akiba; na nyumba ya jirani aliye kwenye mwinuko ijue kwamba huenda usiku mmoja kijana akaletwa pale na dawa yake.

Jirani huyohuyo na ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la ghafula, maneno ya ovyo, hasira isiyo na sababu. Wengine wakiona hayo hudhani ni jini au ni ulevi. Akiwa ana fahamu na aweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, na baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado chini ya 4, arudiwe. (Hapa ndipo mahali pa halali pa ile halua iliyosingiziwa, ingawa maji ya sukari hufanya kazi upesi zaidi.) Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Mama anayeamka usiku kumwangalia mwanawe kwa khofu hii hana wasiwasi wa bure. Lakini na baba naye aamke, wapokezane zamu, kwani mama asiyelala mwaka mzima naye atakuwa mgonjwa wa pili.

Imebaki Ramadhani. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa rukhsa, na madaktari humhesabu mwenye maradhi haya ya namna ya kwanza katika walio katika khatari kubwa wakifunga. Kijana akiwa hajabaleghe, saumu haijamlazimu. Akiwa amebaleghe, daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama. Akimkataza, kula kwake mchana si dhambi, wala asifichwe jikoni kama mwivi. Akimruhusu kwa masharti, basi ajue kwamba sindano ya insulini haimfunguzi: Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kuwa sindano za matibabu zisizo za chakula hazifunguzi, na kujitoboa kidole kwa kipimo hakudhuru. Lakini kipimo kikionyesha sukari imeshuka, na afungue saa ile ile, hata zikisalia dakika kumi kabla ya Magharibi. Anayeweza kulipa katika siku nyingine atalipa. Ambaye madaktari wamesema hatarajiwi kuweza, katika madhehebu yetu ya Shafii atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji, mchele au mahindi, kwa maskini. Wallahu aalam.

Na kijana huyu, akiwa ni wa kibaba, asiachwe nje ya mwezi. Aamshwe daku pamoja na nduguze, ale kipimo chake, asimame tarawehe. Jioni, kile kibaba apewe yeye akipeleke kwa mkono wake.