Wanafunzi 90, wanaojibu ni walewale

Swali: Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu, wanafunzi 90 chumba kimoja. Nikiuliza, wanaonyoosha vidole ni walewale wa mbele. Wa nyuma wanapiga soga. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, geuza mpangilio wa swali. Ukisema, “Asha, saba mara nane ni ngapi?” wale 89 wameshapumzika. Uliza kwanza, nyamaza sekunde tatu hadi tano, ndipo utaje jina. Andika majina kwenye vijiti, vitie koponi, uokote kimoja kila mara. Hapo hata wa dawati la mwisho atakokotoa, maana zamu haijulikani.

Swali likiwa gumu, wape nusu dakika wajadiliane na jirani wa dawati. Soga yao itakuwa kazi. Anayekosea usimkemee wala usimruke: sikiliza jibu la mwenzake, kisha mrudie yeye aeleze njia.

Kelele zikizidi, usishindane nazo kwa sauti. Piga makofi kwa mdundo mmoja mliokubaliana, waitikie, ungoje watulie kabisa kabla ya kuendelea. Ukianza kusema wangali wananong’ona, ishara hiyo itapoteza nguvu.