Majitaka Yana Njia Yake, Mvua Ina Njia Yake

Musoma, Bunda na Butiama wote wanakunywa maji ya Ziwa Victoria: Bunda huyavuta kutoka Nyabehu, Butiama kutoka Mugango. Bomba likifika nyumbani, majitaka nayo huongezeka, na mteremko huyaelekeza kule kule ziwani. Kinga kubwa ni kutoyachanganya na maji ya mvua.

Kwa nini yasichanganywe?
Mabwawa ya kutibu majitaka hayahitaji umeme, yanahitaji muda. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope hutuama na bakteria huozesha uchafu. La pili hupata hewa kutoka kwa mwani. La mwisho ni la kina kifupi ili jua liue vimelea. Maji ya paa na ya mtaro yakiingia humo, husukuma majitaka nje kabla hayajaiva.

Nyumbani
- Usiunganishe gata na chemba wala karo. Elekeza maji ya paa kwenye tangi au mtaroni.
- Ita gari la majitaka kabla ya masika, shimo likiwa halijajaa. Kutapisha choo mvua inaponyesha ni kusambaza kipindupindu kwa jirani.
- Uliza dereva anamwaga wapi. Jibu sahihi ni eneo lililoidhinishwa na mamlaka ya maji.
- Choo kikae mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko.

Penye mawe
Sehemu nyingi za Musoma ni miamba, na kuchimba shimo refu ni kazi ngumu. Mwanza, wenye vilima vya mawe kama Igogo, walilaza mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba hadi bomba kuu. Njia hiyo inafaa kujadiliwa hapa.

Nani aambiwe?
Chemba ikifurika, ripoti mamlaka ya maji. Musoma ni MUWASA. Mtaro wa barabara ya mtaa ukiziba, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Anayetapisha choo, afisa afya wa kata.

Mradi ukija mtaani kwenu, uliza:
1. Mabwawa yatajengwa wapi, na upepo huvuma kuelekea wapi?
2. Mkaaji atalipa kiasi gani kuunganishwa?
3. Mitaro itazibuliwa na nani, kwa fungu gani?
4. Je, mita 60 za ufukwe zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004 zimeheshimiwa?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, ili mwakani yafuatiliwe.