Safari ya Kipimo: Kutoka Kwako Hadi Maabara



Katika mikutano mingi tumesikia malalamiko haya: "Walinitoa damu, halafu wakaniita tena ati nitoe nyingine." "Nilipeleka makohozi wakayakataa." "Mama alikatwa kipande cha uvimbe, wiki zinapita na majibu hakuna." Wengine husema maabara inauza damu. Wengine hukata tamaa na kurudi nyumbani, na ugonjwa nao hauwangoji.

Katika somo hili tutafuata kipimo hatua kwa hatua tuone kinapitia wapi. Jambo la kushika ni moja: maabara haimwoni mgonjwa. Inaona kile kilichomo ndani ya chupa na jina lililoandikwa juu yake. Vikiharibika hivyo viwili, hata mtaalamu hodari hawezi kutoa majibu ya kweli.

1. KARATASI YA KUOMBA KIPIMO

Daktari hujaza fomu. Huandika jina lote la mgonjwa, umri, mwanamume au mwanamke, namba ya hospitali, kipimo kinachotakiwa, siku na saa, na dalili za ugonjwa. Haya si maswali ya bure. Kiwango cha damu cha mtoto, cha mwanamume na cha mama mjamzito si kimoja. Tena, mtu akiwa amekwisha kumeza dawa za kuua vidudu, vidudu vinaweza kukosa kuota maabarani ingawa bado vimo mwilini. Kwa hivyo ukiulizwa, "Umekunywa dawa gani?" sema kweli, hata kama ulinunua dukani au ulipewa na jirani.

2. JINA JUU YA CHUPA

Jina huandikwa kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko huondolewa na vinaweza kubadilishana. Liandikwe pale pale mbele ya mgonjwa, mara tu damu ikishatolewa.

Tunajua vijijini mwetu majina hurudiwa. Wadi moja inaweza kuwa na akina Wanjiru watatu au akina Otieno wawili. Ndiyo sababu nesi mzuri huuliza, "Unaitwa nani?" Hasemi, "Wewe ndiwe Wanjiru?" Mgonjwa aliyelemewa huitikia "ndiyo" kwa kila kitu.

Hatari kubwa iko kwa mtu anayetaka kuongezewa damu. Mtu wa kundi O akipewa damu ya kundi A, anaweza kufa. Kwa hivyo maabara ikipata chupa ya namna hii isiyo na jina, haikisii. Inaikataa, na mgonjwa hutolewa damu tena. Huko si kusumbuliwa, ni kulindwa.

3. MLANGONI PA MAABARA

Mpokeaji hulinganisha fomu na chupa. Je, majina ni sawa? Chupa inavuja? Ni chupa ya kipimo hicho? Imechelewa? Ikiwa yote ni sawa, kipimo hupewa namba na kuandikwa kwenye kitabu au kompyuta. Tangu hapo namba hiyo ndiyo hukifuata kila mahali.

Rangi za vifuniko nazo zina maana. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hutumika kuhesabu chembe za damu. Ya samawati ni ya kupima jinsi damu inavyoganda, na lazima ijae mpaka kwenye alama. Kwa hivyo ukitolewa chupa tatu, kila moja ina kazi yake. Haziuzwi.

Pia, usione vibaya wa nyuma akitangulizwa. Kipimo cha mama anayevuja damu hakingoji foleni.

4. VITU UNAVYOTOA WEWE MWENYEWE

Mkojo: Nawa kwanza. Acha wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati. Ufike maabarani kabla ya saa mbili kupita, kwa maana vidudu huzaliana ndani ya kopo.

Choo: Usichanganye na mkojo wala maji. Ikiwa unaharisha na amiba ndiyo inatafutwa, kifike kabla ya nusu saa, kwa sababu amiba hufa upesi.

Makohozi: Yatoke ndani ya kifua, yasiwe mate. Suuza mdomo kwa maji, simama nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi, kohoa, kisha funga kopo vizuri. Ya asubuhi kabla ya kula ndiyo bora.

Tumia kopo la hospitali. Chupa ya soda iliyobaki na sukari kidogo inaweza kufanya mtu aambiwe ana sukari kwenye mkojo, kumbe sukari ni ya soda!

5. KIPANDE KILICHOKATWA MWILINI

Hapa tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo maisha ya wengi huamuliwa. Daktari akishuku kansa, hukata kipande cha uvimbe ili kipimwe. Hospitali nyingi ndogo hazina mtaalamu wa kukisoma. Basi mara nyingi jamaa hupewa chupa waipeleke hospitali kubwa.

Kipande hicho hutiwa katika dawa iitwayo fomalini ili kisioze. Dawa inatakiwa iwe kama mara kumi ya kipande chenyewe. Usimwage dawa hiyo wala kuongeza maji. Ndani ya maji, kipande huharibika kwa muda mfupi, na mtaalamu hawezi tena kusema ni kansa au siyo. Na pengine uvimbe wote ulikwisha kutolewa, hakuna pa kukata tena.

Kabla ya kuondoka, hakikisha fomu inasema kipande kimetoka wapi: titi la kulia au la kushoto? Funga chupa ndani ya mfuko wa plastiki, na fomu iwe katika mfuko wake. Chupa isimame wima. Barafu haihitajiki. Fomalini ni sumu, isifikiwe na watoto.

Tena usiiweke nyumbani mpaka mwisho wa mwezi. Kipande cha titi kikikaa katika fomalini zaidi ya siku 3, vipimo vya kuchagua dawa ya kansa hiyo vinaweza kuharibika.

Maabarani hutolewa maji yote kwa spiriti, kikatiwa nta, kisha kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi, halafu mtaalamu hukisoma kwa darubini. Kazi hii haiishi kwa siku moja, na pengine huhitaji rangi za ziada. Kile kibonge cha nta huhifadhiwa, ili daktari mwingine akitaka kuhakikisha aweze.

6. MAJIBU

Majibu yaliyolala kwenye kabati hayaponyi mtu. Andika namba ya maabara na siku ya kurudi. Siku hiyo ikipita, nenda ukaulize kwa namba hiyo. Majibu yasomwe na daktari aliyekuona, siyo na jirani. Nayo ni siri yako. Kwa majibu ya ukimwi, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kuyatangaza bila ruhusa yako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kuna mwenzetu ambaye kipimo chake kilikataliwa? Sasa tunaona sababu ilikuwa nini?
2. Mwanakikundi akipewa chupa ya kupeleka mjini na hana nauli, mfuko wetu unaweza kumkopesha siku hiyo hiyo, bila kungoja mkutano?
3. Ni nani kati yetu atawakumbusha wagonjwa na wazee kufuata majibu yao?
4. Tufanye zoezi: mmoja awe nesi, mwingine mgonjwa. Nesi aulize jina namna inavyotakiwa.