Hesabu ya Shamba la Viazi

Viazi mviringo hupenda ubaridi, kwa hiyo hustawi zaidi kwenye miteremko ya juu ya Mlima Meru kuliko huku chini kwetu Kikatiti. Hata hivyo swali lake latuhusu sote tuliosomeshwa kwa jembe. Ikiwa viazi huleta fedha kuliko mahindi, kwa nini mkulima asivipande kila mwaka katika shamba lile lile?

Natujibu kwa hesabu. Tuseme wakulima wawili wana ekari moja moja, na kila mmoja hupanda magunia 8 ya mbegu. Wa kwanza hupanda viazi kila mwaka. Kwa kuwa ugonjwa unazidi, anavuna magunia 60, kisha 50, kisha 35, kisha 20. Ukitoa mbegu, miaka minne imempa magunia 133.

Wa pili hupanda viazi, kisha mahindi, kisha maharage, kisha viazi tena. Mwaka wa kwanza na wa nne anabakiwa na magunia 52. Tuseme mahindi yake yana thamani ya magunia 15 ya viazi, na maharage 18. Jumla ni 137.

Tazameni jambo hili: baada ya miaka mitatu wa kwanza ana 121, na wa pili ana 85 tu. Ndiyo maana majirani humcheka wa pili. Mwaka wa nne anampita mwenzake, naye bado ana shamba zima.

Sababu kubwa ni mnyauko unaoletwa na bakteria wanaokaa udongoni na ndani ya mbegu. Mmea hunyauka ungali kijani, wala hakuna dawa ya kuuponya. Ukitaka kuutambua, kata shina ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka. Mahindi na maharage husaidia kuupunguza, na maharage huongeza naitrojeni katika udongo. Lakini nyanya, biringanya na mnavu ni jamaa za viazi. Kupanda nyanya baada ya viazi si kubadili mazao. Maotea ya viazi nayo yang'olewe, na mbegu iwe safi.

Mzazi atauliza, "Mahitaji ya mtoto wa bweni nitayalipa kwa nini mwaka wa mahindi?" Swali hilo ni la haki. Dawa yake ni kugawa ekari mafungu matatu: moja viazi, moja mahindi, moja maharage, na kuyahamisha kila mwaka. Hivyo viazi vya kuuza havikosekani, na chakula kipo nyumbani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba nalo ni mali. Tuliandikie daftari la miaka minne, si la msimu mmoja.

Mwanafunzi, Kidato cha IV