Mama Mkwe Akifiwa na Mumewe: Somo la Kutengeneza Riziki Yake

Mzee anapofariki, jamaa hukusanyika, matanga hukaliwa, na michango hutolewa kwa wingi. Lakini watu wakiisha kurudi makwao, mjane hubaki peke yake na swali ambalo halikutajwa makaburini: Atakula nini mwezi ujao? Na atakapokuwa hawezi tena kushika jembe, itakuwaje? Somo letu la juma hili ni juu ya mama huyo, hasa akiwa ni mama wa mke wako au mama wa mume wako.

Shauri hili lina ugumu wake. Kwetu mkwe huheshimiwa sana, na katika makabila mengi mume hawezi kuketi na mama mkwe wake na kumwuliza habari za fedha. Heshima hiyo ni njema, lakini isiwe sababu ya kunyamaza. Mkwe na atoe shauri kwa mkewe, naye mke aseme na ndugu zake, kisha mjumbe anayestahili, kama shangazi au mzee wa ukoo, azungumze na mama mwenyewe. Na neno lake mama lisikizwe kwanza, kwa maana yeye si mtoto wa kugawiwa. Ndiye mwenye nyumba.

1. Kusanya karatasi

Jambo la kwanza ni cheti cha kifo. Pasipo hicho hakuna ofisi itakayokusikiliza. Kisha tafuteni hati ya shamba, kitabu cha benki, namba ya uanachama katika chama cha ushirika, na barua za pensheni, kama marehemu alikuwa na pensheni. Tazameni jina lililoandikwa katika chama kuwa ndilo la mrithi wa hisa zake. Kama kuna pensheni, ulizeni wazi kama mjane atalipwa, na malipo hayo yatakwisha lini. Maana mengine huwa ya miaka yenye kikomo, naye mjane asipojua huja kushtuka siku fedha zinapokatika.

Hapa pana onyo. Wako vijana wanaochukua simu ya marehemu, au kadi yake ya benki, wakatoa fedha kwa kuwa wanaijua namba ya siri. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yakataza mtu kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini, na mwenye kufanya hivyo aweza kutozwa faini au kufungwa. Njia iliyo sawa ni kuomba mahakamani barua ya usimamizi wa mirathi. Na marehemu asipoacha wosia, mjane ndiye anayetangulizwa katika kupewa kazi hiyo.

2. Jua lililo lake

Wengi hudhani kwamba baba akifa shamba ni la wana papo hapo, na mama hukaa kwa hisani yao. Sivyo. Kwa sheria hiyo, mtu mwenye mke mmoja na watoto akifa bila wosia, vyombo vya nyumbani huwa mali ya mjane kabisa, na mali iliyobakia kwa kawaida huwa ya matumizi yake maisha yake yote. Wana watairithi baadaye. Ardhi iliyo katika matumizi hayo haiuzwi ila kwa ruhusa ya mahakama. Nyumba yenye wake wengi ina hesabu yake nyingine. Waislamu nao hufuata sheria yao: mjane hupata thumuni ya mali ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, na shauri hupelekwa kwa Kadhi.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa mkwe si kutuma fedha. Ni kuhakikisha kwamba lililo la mama halikuchukuliwa.

3. Pigeni hesabu

Tuchukue mfano wa mama mwenye miaka 72, mkulima, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Kwa mwezi ahitaji chakula cha shilingi 4,500. Dawa na nauli ya hospitali 1,500. Kibarua wa shamba, mafuta na sabuni 1,700. Na bima ya afya 300. Jumla ni shilingi 8,000. Bima hiyo ndiyo ile ya serikali iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, na hicho ndicho kiwango chake cha chini.

Maziwa humpatia 2,500. Tena akiwa ameandikishwa katika Inua Jamii, ambayo tangu mwaka 2018 huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi, basi ana 4,500. Upungufu ni 3,500. Hapo jamaa wamejua wanalotakiwa kutoa: mwana mkubwa 1,500, binti na mumewe 1,500, kitinda mimba 500. Lakini fedha za serikali zaweza kuchelewa; kwa hiyo yafaa kuweka akiba ya miezi miwili kando.

Wala msisahau mke wa mwana anayekaa naye bomani. Yeye ndiye achotaye maji, apikaye, na aamkaye usiku mama anapougua. Asihesabiwe kuwa hakutoa kitu kwa kuwa hakutoa fedha. Kazi yake iandikwe kuwa ni mchango, naye apumzishwe kwa zamu.

4. Siku moja, daftari moja

Msaada wa leo elfu tano na kesho hakuna humfanya mama kuwa mwombaji. Wekeni siku moja ya mwezi. Fedha ziingie katika akaunti au simu iliyo kwa jina lake mwenyewe, na namba ya siri aijue yeye. Mtu mmoja aandike daftari, na jamaa wote walisome kila baada ya miezi mitatu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, msiuze kitu wakati wa matanga. Ajapo mtu kudai kwamba alimkopesha marehemu, aonyeshe karatasi au shahidi. Akija mnunuzi wa shamba, aambiwe angoje. Huzuni ni mshauri mbaya katika biashara.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

Je, hati ya shamba la wakwe zako iko wapi, na ina jina la nani? Mama mkwe wako anayo akaunti kwa jina lake? Na kama wazee wote wawili wangali hai, je, mzee amekwisha kumwonyesha mkewe zilipo karatasi zake? Hilo la mwisho laweza kufanywa jioni ya leo, bila ya gharama yoyote.