Kabla ya Kununua Lenzi ya Makro, Waulize Majimoto

Vijana wanaopiga picha za sherehe hapa Kibaha huniuliza mara kwa mara wanunue lenzi gani ya makro. Wengi huja wakiwa wameshachagua kampuni na wameshaulizia bei Kariakoo. Mimi nawarudishia swali langu: unataka kumpiga picha mdudu gani, na ukimsogelea atakufanya nini?

Kwa sisi watu wa Pwani, jibu liko juu ya mkorosho. Majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani mabichi kuwa kiota, wamejaa kwenye mikorosho, miembe na minazi kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, na ukienda Kisarawe utawakuta vilevile. Mfanyakazi mmoja ana urefu wa milimita chache tu. Kivuli kikipita juu ya kiota, hasubiri: anapanda, anauma, halafu anainua tumbo na kumwagia asidi pale pale alipouma. Lakini kwa anayejifunza makro sijaona mdudu bora kuliko yeye. Yupo mwaka mzima, hakukimbii, na hana kiingilio. Ukimvumilia utaona kitu ambacho wengi wamezaliwa chini ya mikorosho na hawajakiona: mfanyakazi anamshika buu mdomoni na kumpitisha kutoka ukingo wa jani hili hadi lile, kama fundi na sindano yake, na hariri inayogandisha majani inatoka kwa buu, si kwa yeye aliyemshika.

Hapo ndipo lenzi inapochaguliwa. Lenzi karibu zote za makro za kweli zinakufikisha 1:1, maana yake mdudu wa milimita 7 anachora umbo la milimita 7 juu ya sensa ya kamera. Kamera nyingi za wanaoanza hapa kwetu, kama Canon 600D au 700D, zina sensa yenye upana wa milimita 22 hivi, kwa hiyo majimoto huyo anachukua karibu theluthi ya upana wa picha. Iwe lenzi ya milimita 40, 60 au 100, kwenye 1:1 ukubwa huo ni ule ule. Kinachotofautiana ni nafasi inayobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu.

Wauzaji hawakuambii nafasi hiyo. Kwenye karatasi ya lenzi utasoma umbali wa chini wa fokasi, nao unapimwa kuanzia kwenye sensa, ndani ya mwili wa kamera. Canon EF 100mm f/2.8 Macro USM imeandikwa sentimita 31. Ukitoa urefu wa lenzi na kina cha kamera, unabaki na sentimita 15 hivi. Canon EF-S 60mm imeandikwa sentimita 20, unabaki na 9 hivi. Nikon 40mm ya DX, lenzi nzuri na ya bei nafuu kuliko ndugu zake, imeandikwa sentimita 16.3, na ukifika 1:1 kioo kinakuwa sentimita tatu au nne tu kutoka kwenye jani. Kwa umbali huo unamzibia mdudu mwanga, na majimoto wanapanda kwenye lenzi, kisha kwenye mkono, kisha wanakoelekea hakuandikiki hapa.

Ushauri wangu kwa mtu wa wadudu, basi, ni kati ya milimita 90 na 105. Kuna Canon 100mm, Nikon 105mm, Tokina 100mm, na Tamron 90mm ambayo imekuwa ikitoka kwa matoleo tofauti miaka mingi na mara nyingi hupatikana ikiwa imetumika. Zidi hapo, milimita 150 au 180, lenzi inakuwa nzito, bei inapaa, na mkono wa anayeanza unatetemeka.

Lakini kama kazi yako ni harusi, na makro unaitaka kwa ajili ya pete, hina ya bibi harusi na nakshi za keki, milimita 60 inakutosha kabisa. Pete haiumi. Tena katika ukumbi wenye watu wengi, lenzi fupi inakuokoa. Ile ya 100 nayo ina faida yake: inapiga picha za uso vizuri mno, na kwa mpiga picha wa sherehe hiyo ndiyo njia ya kurudisha pesa mapema. Mdudu hajawahi kumlipa mtu hapa Maili Moja.

Jihadhari na neno “macro” lililochorwa kwenye lenzi za kuvuta. Zile za 70-300 zenye neno hilo mara nyingi huishia robo au nusu ya ukubwa halisi. Hata Canon RF 35mm Macro inaishia nusu. Si lenzi mbaya, ila usilipie 1:1 ukapewa 1:2. Dai uone namba ya ukuzaji. Na ukiona Nikon imeandikwa “Micro”, usidhani ni kitu kingine, Nikon ndivyo wanavyoziita makro zao.

Tukiwa hapo kwenye namba, tazama lenzi uliyonayo tayari. Ile 18-55 inayokuja na kamera za Canon inafika karibu theluthi ya ukubwa halisi, yaani unaweza kujaza picha kwa kitu cha upana wa sentimita 6 na nusu hivi. Kipepeo mkubwa, kinyonga, shada la maua ya mkorosho: vyote hivyo havihitaji ununue chochote. Wengi wanaoniambia wanataka makro, wakinionyesha picha wanazozitamani, nakuta ni za vipepeo. Ningewashauri watunze pesa zao.

Ukitaka kupiga vitu vidogo kuliko hivyo kabla pesa ya lenzi ya makro haijatimia, kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni mirija ya kurefusha, vile vipande vitupu visivyo na kioo vinavyokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa mrija kwa milimita za lenzi, ujumlishe na ukuzaji iliokuwa nao lenzi yenyewe. Mrija wa milimita 25 kwenye 50mm unakupa 0.5, ile 50mm f/1.8 STM ina 0.21 yake, jumla 0.71. Nunua mirija yenye vile vijipini vya shaba vya kupitisha umeme, la sivyo hutaweza kubadilisha tundu la lenzi. Ya pili ni Raynox DCR-250, kioo kidogo cha nguvu ya +8 kinachobanwa mbele ya lenzi ya kuvuta. Kwenye 55-250 iliyovutwa hadi mwisho unafika karibu mara mbili ya ukubwa halisi, na bado unabaki na zaidi ya sentimita 10 mbele yako. Ugumu wake ni kumpata mdudu ndani ya kioo. Kwa ukuzaji huo hata pumzi yako inamtoa kwenye picha. Vioo vya kubandika kwenye simu sivitaji, maana sijaona kimoja ambacho pembe zake hazina ukungu.

Kuhusu fokasi: otofokasi ya haraka usiilipie. Kwenye 1:1, kwa tundu la f/8, sehemu inayotoka kali haifiki milimita moja. Unaiweka lenzi kwenye ukuzaji unaoutaka, unaiacha, halafu unasogea wewe na kamera mbele na nyuma, unabonyeza jicho la mdudu linapokuwa kali. Ndiyo maana lenzi za zamani bado ni mali. Hata zile za Nikon za AF-D, ambazo kwenye kamera za D3000 na D5000 na ndugu zao hazijifokasi zenyewe kwa kuwa kamera hizo hazina mota ndani, kwa kazi hii hazikupunguzii kitu. Kitulizo cha mtikisiko nacho hupungua nguvu ukikaribia: Canon wenyewe wanasema kile cha 100mm L, ya mwaka 2009, kinakupa hatua 4 kwa umbali wa kawaida na 2 tu kwenye 1:1. Kama unatumia flashi, mwako wake mfupi ndio unaomgandisha mdudu. Chukua ile isiyo na kitulizo, tofauti ya bei inunue flashi.

Na flashi utaihitaji. Kwenye 1:1 mwanga unaofika kwenye sensa hupungua kwa hatua 2 hivi, nawe unataka tundu dogo, f/8 hadi f/11, ili angalau kichwa chote kionekane. Flashi ndogo ya juu ya kamera haifai, kwa sababu lenzi yenyewe inatupa kivuli juu ya mdudu. Mimi natumia flashi ile ile ya harusini, naiinamisha mbele na kuweka kipande cha plastiki nyeupe ya dumu kinachoning'inia juu ya kioo cha lenzi. Kadiri plastiki inavyokuwa pana na karibu na mdudu, ndivyo mgongo wa mbawakawa unavyoacha kung'aa vibaya.

Ukinunua iliyotumika, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, kumbuka pwani hii ina unyevu na kuvu hupenda kioo. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, uangalie kwa mshazari. Nyuzinyuzi zinazosambaa kama mizizi ni kuvu; iache lenzi hiyo hata muuzaji akishusha bei. Vumbi kidogo si neno. Zungusha pete ya fokasi kutoka mwisho hadi mwanzo, isikwame wala kukwaruza. Weka f/16, bonyeza kitufe cha kuonyesha tundu, uone majani ya tundu yanafunga upesi na hayana mafuta. Piga picha ya noti, mwandiko wake mdogo, katikati na pembeni. Ukifika nyumbani, lenzi ikae kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Begi la kamera si mahali pa kuitunzia wakati wa masika.

Pa kujaribia hapakosekani. Mashamba ya korosho ya Kibaha ni mazuri asubuhi mapema, umande ukiwapo na wadudu wakiwa wazito, kabla upepo haujaanza kutikisa majani. Piga hodi kwa mwenye shamba kwanza. Mzee mmoja nilimsalimia shikamoo, nikamweleza nataka kupiga picha majimoto wake, akaitikia marahaba, akanitazama kitambo, kisha akasema, “Piga mwanangu, lakini usinifukuzie. Hao ndio walinzi wangu.” Alijua anachosema: majimoto huwawinda mbu wa mikorosho wanaonyausha machipukizi. Kwenye minazi ya Zanzibar, mtafiti M. J. Way aliuchunguza ulinzi wa namna hiyo tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo usivunje kiota ili upate picha ya mabuu. Kaa karibu na kiota kinachojengwa, watakuonyesha wenyewe.

Kaa mbali na uzio wa maeneo ya jeshi, na Kibaha yapo. Kumweleza mlinzi kwamba umelala kifudifudi kwenye majani na kamera kwa ajili ya panzi ni kazi ngumu kuliko fokasi.

Kisarawe ni habari nyingine. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo unaanzia kwao: unalipa, unasema unakuja na kamera, unaomba mtu wa kukuongoza. Chini ya miti ni giza hata saa sita mchana, na bila flashi utarudi na picha za ukungu. Vaa buti, ingiza suruali ndani ya soksi, na kabla ya kupiga goti tazama ardhi, maana siafu hawasubiri uwafikie 1:1.